Stana Lušić na Makapera wa Ghuba ya Jelavna

Mheshimiwa Padre Lovre, ndugu wa ukoo wa Bilokapić mliotupokea hapa Krušev Dolac, majirani wa Ghuba ya Jelavna ambao mmepanda mlima huu tangu asubuhi na wengine bado mnatafuta pumzi, wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa bahari, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kwa ajili ya msiba wetu, poleni na asanteni kwa kuja. Naitwa Filka, mdogo wake Vice, mume wa marehemu, kwa hiyo marehemu ni wifi yangu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu binti yake, Nera, hawezi kuisoma bila kulia, na mwanawe, Dujo, hawezi kuisoma bila kuwachekesha watu, nami wameniona ninaweza yote mawili kwa kiasi.

Marehemu Stana alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 hapa hapa Krušev Dolac, katika nyumba ile yenye paa la mawe mnayoiona nyuma ya kanisa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa mzee Mate Bilokapić na mama Ruža, wafugaji wa kondoo na wakulima wa tumbaku, watu ambao bahari waliijua kwa harufu tu, pale upepo ulipogeuka. Yeye mwenyewe aliiona bahari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, baba yake alipompeleka Šibenik kung'olewa jino, na wakati mzee akiulizia njia, binti alilala kifudifudi gatini, gauni lake la Jumapili likigusa lami, shavu likiwa limevimba, akitazama kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye mikono kama nyota, kikitembea polepole juu ya jiwe chini ya maji. Mzee Mate alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto hakuuliza kama kile kitu kinauma wala kama kinaliwa, aliuliza kinazaaje, na kwa kuwa mzee hakujua, binti aliona safari ile imekwisha vibaya, jino litoke au lisitoke.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1956 hadi 1964, kisha sekondari mjini Šibenik, akiishi kwa shangazi yake Perka, na mwaka 1968 akajiunga na Chuo Kikuu cha Zagreb kusomea elimu ya viumbe, akahitimu tarehe 22 Juni 1973. Mdogo wake Ante, ambaye yuko hapa na ataniwia radhi, alimwambia siku ya sherehe kwamba familia imelima tumbaku miaka yote hiyo ili apatikane daktari wa kondoo, na badala yake imepata daktari wa wadudu wa baharini.

Tarehe 3 Aprili 1974 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, akapangiwa tawi la Ghuba ya Jelavna, ambalo wakati huo lilikuwa nyumba ya vyumba viwili kando ya gati letu. Alifika wakati mbaya. Ghuba yetu inaishi kwa kufuga kome, na miaka ile viti vya pweza, walaji wa kome, vilikuwa vimejaa mpaka wafugaji wakivuta kamba za kufugia wanakuta makombe matupu yanayogongana kama vijiko. Hasira ilikuwa kubwa. Kila aliyekamata kiti cha pweza alikirarua vipande viwili kwa mikono na kukitupa majini, na hodari wa kurarua kuliko wote alikuwa kaka yangu Vice, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye mikono kama makasia na mdomo wa kufanana nayo. Mwezi Mei wafugaji waliitisha mkutano katika ukumbi wa ushirika ili waamue jambo moja tu, kumwaga chokaa sakafuni mwa ghuba nzima na kuua kila kiti cha pweza kilichopo, na walimwita Stana si kwa ajili ya kumuuliza, bali ili atie saini kwa niaba ya kituo.

Nilikuwapo, nikigawa kahawa. Stana alikataa kutia saini. Alisema chokaa haitachagua, itaua pia makinda ya kome na ya chaza, na ghuba itabaki nyeupe kama ukuta. Ukumbi ukaanza kunguruma, na Vice akasimama, mkono kiunoni.

"Dada, nasikia wewe ni wa mlimani," akasema. "Kwenu mbwa mwitu akila kondoo mnamfanyaje?"

"Tunampiga risasi," Stana akasema. "Hatumkati vipande viwili tukavirudisha zizini, vyote viwili vikiwa hai."

Watu wakatulia. Ndipo akawaeleza kwamba aina hii ya kiti cha pweza, inayoishi kwetu, ina tabia ya kujigawa yenyewe, mwili unapasuka katikati, nusu inakwenda huku na mikono yake na nusu inakwenda kule na mikono yake, kisha kila nusu inajiotesha mikono iliyopungua, na ndiyo maana vingi tunavyoviona vina mikono mirefu upande mmoja na mifupi upande wa pili. Kwa hiyo anayekirarua kwa mikono na kukirudisha majini hakiui, anakifanyia kazi ambayo kingejifanyia chenyewe.

"Kaka yangu," akamwambia Vice, kwa heshima kabisa, "wewe si adui wao. Wewe ni mkunga wao."

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kuendelea, na tangu siku hiyo, nje ya familia yetu, hakuna mtu Jelavna aliyemwita kaka yangu Vice tena, ni Mkunga, hata benki, hata kwa Padre, na mnaweza kumwona hapo mbele anatikisa kichwa kwa sababu alijua nitalisema.

Walikubaliana wasubiri mwaka mmoja. Wafugaji wangefupisha kamba ili zisiguse sakafu ya bahari, kwa kuwa viti vya pweza havijui kuogelea na hupanda kutoka chini, wangeokota kome walioanguka, na kila kiti cha pweza kitakachokutwa kwenye kamba kingepelekwa kituoni kikiwa kizima. Naye Stana aliwaahidi mbele ya wote kwamba ikifika majira ya kuchipua na kome bado wanaliwa, atatia saini ya chokaa kwa mkono wake na kuacha kazi siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na ndiyo kwanza alikuwa amenunua godoro.

Mwaka ule alitoka kwenda baharini kila mwezi, kuwe na jua au upepo wa bura, akapima viti vya pweza vikubwa na vidogo, akahesabu mikono, akavifungua vichache kutazama kama vimebeba mbegu. Akagundua kwamba vinajaza mbegu wakati wa baridi na kumwaga majini kabla ya joto kuanza, na kwamba kujigawa kunazidi bahari inapopata joto, yaani kazi mbili kwa majira mawili, kama sisi na zeituni na kome. Lakini mwezi Februari 1975 alikuja jikoni kwetu, uso umemshuka, akaomba kahawa, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kila alichokifungua kilikuwa dume. Hakuona jike hata mmoja. Wala hakuona mtoto, kwa maana ya mtoto aliyetoka kwenye yai, ambaye angekuwa na mikono yote sawa. Alichoona ni vipande vinavyokua tu. Alihisi ghuba nzima ilitokana na dume mmoja aliyepotea njia zamani, akajigawa, na kila pande likajigawa tena.

Nilimwambia hilo ni jambo la kuchekesha. Akasema linachekesha mpaka siku watakapougua, kwa sababu wote ni mwili mmoja, na ugonjwa utakaomshinda mmoja utawashinda wote. Kisha akacheka na yeye. Ni mimi niliyeitoa siri ile nje, na wanawake wa Jelavna waliipokea kwa mikono miwili, ikawa kila mwanamume aliyechelewa kuoa anaulizwa kama amehamia sakafuni kwa makapera wenzake.

Majira ya kuchipua yalipofika, kamba zilipanda zikiwa zimejaa kome, na chokaa haikumwagwa mwaka ule wala mwaka wowote. Jumapili moja ya Mei, Vice, ambaye majira yote ya joto yaliyopita alikuwa anaacha ndoo yake mlangoni mwa kituo bila kusalimia, alinyoa ndevu, akavaa shati la marehemu baba, akachukua ndoo ya viti vya pweza vizima na kugonga mlango. Stana alitusimulia alichoambiwa, kwa sababu Vice mwenyewe hawezi.

"Nimekuletea makapera," akasema. "Na mmoja zaidi amesimama hapa."

Walifunga ndoa takatifu tarehe 18 Oktoba 1975 katika kanisa hili, watu wa pwani wakila nyama ya kondoo mpaka wakashindwa kucheza, na watu wa mlimani wakiwatazama chaza kwa mashaka. Mama yetu alikuwa na wasiwasi kwamba mke wa mlimani hajui kusafisha samaki, na alikuwa na haki, maana Stana hakumpasua samaki kwa ajili ya kupika, alimpasua kumjua, na kila samaki aliyeingia jikoni kwetu aliulizwa kwanza kama ni dume au jike, na mengine yakafuata chakula kikiwa kimechelewa. Katika ndoa yao Mungu aliwajalia watoto wawili, Nera, aliyezaliwa tarehe 6 Julai 1977, na Dujo, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1981, na wajukuu watatu, ambao wote walijua kuogelea kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Tarehe 14 Desemba 1984 alitunukiwa shahada ya uzamivu kwa kazi yake juu ya muundo wa jamii ya viti vya pweza na majira yao ya uzazi katika Ghuba ya Jelavna. Mwenzake mmoja kutoka mjini alimuuliza kwa nini asihamie kwenye ghuba kubwa yenye madume na majike, apate majibu mengi zaidi, naye akajibu kwamba huko majibu yapo tayari, kwake bado anamsubiri mtu. Wakati wa vita, kuanzia mwaka 1991, Vice alipokuwa mstari wa mbele na mafuta ya mashua hayapatikani, mimi na Stana tulipiga makasia, yeye akipima na mimi nikisali, na siku Vice aliporudi salama, swali lake la kwanza baada ya kuwakumbatia watoto lilikuwa kama jike amepatikana. Hapo nilijua kwamba kaka yangu amekwisha.

Kisha ukaja mwaka 2003. Joto lile mnalikumbuka, hata huku juu. Bahari ilikuwa kama supu, na viti vya pweza vikaanza kupata vidonda vyeupe, mikono ikaanguka, na safari hii hakuna kilichoota. Kila alilolihofia jikoni kwetu lilitokea, walikuwa mwili mmoja na waliugua kama mwili mmoja. Kufikia Septemba sakafu ya ghuba ilikuwa tupu. Wafugaji wa kome wangeweza kuchinja mwanakondoo kwa furaha, na wazee kadhaa walikuwa wameanza kunoa visu, lakini Vice alikwenda ukumbini akawaambia kwamba atakayesherehekea asikanyage gati lake. Alitoka na mkewe kila siku waliyoweza, wakatafuta pwani yote, mpaka upande wa kaskazini, chini ya mwamba usiopata jua, ambako maji hubaki baridi, wakakuta wachache waliosalia, wamejibana kwenye ufa. Stana aliporudi nchi kavu alikwenda moja kwa moja kulala, na Vice ndiye aliyetuambia, machozi yakimtoka, kwamba makapera wapo.

Alistaafu rasmi tarehe 1 Machi 2012, akakabidhi ofisi, akanywa mvinyo na wenzake, na kesho yake alikuwa kwenye mashua. Watu walimuuliza anachotafuta ni nini hasa baada ya miaka yote hiyo, na alijibu kwamba mkondo wa bahari unaleta mambo mengi, chupa, viatu, Wajerumani, haiwezekani usilete jike mmoja.

Tarehe 9 Februari 2017, siku ya Alhamisi, Vice alivuta kamba akakuta kiti cha pweza kinene kuliko kawaida, na kwa kuwa bura ilikuwa imeanza na kituo kimefungwa, alikileta nyumbani, akakitia katika beseni la kuoshea mboga pamoja na maji ya bahari, akaliweka beseni karibu na jiko. Nilikuwa nimekuja kuazima mafuta ya zeituni. Maji yalipopata vuguvugu, kiti cha pweza kilijiinua juu ya ncha za mikono yake, kama mtu anayenyoosha mgongo, na pale mikono inapokutana pakaanza kutoka punje ndogo ndogo za rangi ya chungwa.

"Stana," Vice akaita, "njoo, huyu anaumwa. Anatapika."

Wifi yangu alikuja akifuta mikono kwa aproni, akainama, akavaa miwani, akainama tena, halafu akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye kabati.

"Haumwi," akasema. "Huyu ni jike."

Nimemfahamu maisha yangu yote ya utu uzima na sikuwahi kumwona akicheka vile. Alicheka akiwa amekaa chini, akamvuta Vice naye akaketi, wazee wawili kwenye sakafu ya jikoni, na mimi nimesimama na chupa yangu, nikicheka bila kujua nifanye nini. Kisha akasimama na kuanza kutoa amri. Dujo aliagizwa amtafute mwenye ufunguo wa kituo alete madume, jirani aliagizwa ndoo, na kabla ya machweo nusu ya Jelavna ilikuwa imejipanga uani kwetu kumwona bibi harusi, kila mtu akipewa nafasi ya kuchungulia na kukatazwa kugusa. Kome walipikwa kwa kitunguu saumu na mvinyo mweupe, watu waliimba, na Padre Lovre, usikane, ulikuja na kutazama beseni ukasema si kazi yako kufungisha ndoa ile lakini hukuona kizuizi. Alipoulizwa jike alitokea wapi, Stana alisema hajui, huenda ni kwa mkondo akiwa mchanga, huenda ni kwa maji yanayobebwa tumboni mwa meli, na kwamba asilolijua hatalisema. Upepo ulipotulia, Vice mwenyewe alimrudisha jike baharini, chini ya mwamba wa kaskazini, katikati ya makapera, na naambiwa alimshusha polepole kuliko alivyowahi kukishusha kitu chochote.

Miaka miwili ikapita bila dalili, Stana akiendelea kutoka kila mwezi. Tarehe 14 Agosti 2019 Nera alizamia chini ya mwamba ule, akapanda na kitu kidogo kama kifungo cha koti, akakiweka katika kiganja cha mama yake. Stana alikigeuza, akahesabu mikono, akaipima kwa jicho mmoja mmoja, na yote ilikuwa sawa.

"Huyu ana baba na mama," akasema.

Hapo hakucheka. Alikirudisha majini kwa mkono wake, na njiani kurudi alimshika Vice mkono mpaka gatini. Leo, kwa taarifa ya kituo, chini ya mwamba ule kuna wadogo na wakubwa, madume na majike, na ghuba yetu imekuwa kijiji chenye watoto.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hospitalini mjini, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akawa anakaa kwenye mashua bila kushika kasia, jambo lililomuudhi kuliko ugonjwa. Mwezi Desemba 2023 hali ilipobadilika, sisi wa pwani tulishaanza kuandaa mahali pake katika makaburi ya Jelavna, mpaka alipotuita chumbani akasema anataka kuzikwa Krušev Dolac, karibu na mzee Mate na mama Ruža. Kaka yangu akavuta kiti karibu na kitanda.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe utakuja tu," akasema. "Mimi nilishuka, wewe utapanda."

"Hukushuka kwa ajili yangu. Ulishuka kwa ajili ya viti vya pweza."

"Basi na wewe panda kwa ajili ya kondoo."

Alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake, dirisha likiwa wazi kwa upande wa bahari kama alivyopenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, hata pale alipowasahihisha, Padre Lovre kwa sakramenti na kwa kumvumilia, majirani wa Jelavna walioleta supu mpaka tukaishiwa sufuria, wenzake wa kituo ambao kesho kutwa watatoka kwenda baharini na Nera kama kila mwezi, ndugu wa Krušev Dolac waliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu ya mawe, na Ante aliyechinja kondoo, ambao mtawaonja baada ya ibada, watu wa pwani mkiwemo, msianze kusingizia mwendo.

Wifi yangu, lala salama, amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya maji uliyoyapenda. Nafasi ya kushoto kwako tumeiacha wazi kama ulivyoagiza, ila Vice ameniomba nikwambie kwamba hana haraka.